Kabila Kwanza, Uraia Baadaye

Ukishuka matatu Kawangware 56 saa za jioni, Kiluhya utakisikia kabla hujavuka Barabara ya Naivasha. Muuza omena anapatana bei kwa Kimaragoli, fundi wa viatu anamjibu mteja kwa Kinyore, na wakala wa M-Pesa anachanganya yote hayo na Sheng. Mmaragoli wa hapa ana malalamiko tele: kodi ya nyumba, maji ya mitungi, mtaro uliozibwa na plastiki. Uraia haumo katika malalamiko yake. Alipotimiza miaka 18 alikwenda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi, akapakwa wino vidole vyote kumi, akapewa karatasi ya kusubiri, akasubiri. Hakuna karani aliyemuuliza babu yake aliingia nchini kwa njia gani.

Mmaragoli huyo huyo angezaliwa Kiryandongo, magharibi mwa Uganda, ambako jamaa zake wamelima tangu kabla ya uhuru, mambo yangekuwa mengine. Kifungu cha 10 cha Katiba ya Uganda ya 1995 kinamhesabu kuwa raia mtu aliyezaliwa nchini humo ambaye mzazi au babu yake ni wa mojawapo ya jamii za asili zilizokuwamo ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926, na jamii hizo zimetajwa moja moja katika orodha mwishoni mwa katiba. Wamaragoli hawamo. Kwa miaka wamekuwa wakidai waingizwe, huku vijana wao wakipata taabu ya kupewa kitambulisho cha taifa.

Tazama sasa upande wa pili. Katika orodha hiyo hiyo ya Uganda, Wanubi wamo. Kenya, mwendo mfupi kutoka 56 ukivuka Barabara ya Ngong hadi Makina na Lindi ndani ya Kibera, Wanubi wamekaa zaidi ya karne moja wakiulizwa ni kina nani. Asili yao ni moja, jeshi la kikoloni lililowaleta ni moja, na lugha yao ya Kinubi, yenye mizizi ya Kiarabu, ni moja. Upande mmoja wa mpaka ni wenyeji kwa mujibu wa katiba. Upande mwingine wamekuwa wageni wasiokwisha safari.

Mifano hii miwili ikiwekwa pamoja inafichua jambo ambalo vitabu vya sheria ya kimataifa hulipita haraka. Husema uraia ni kifungo kati ya mtu na dola, basi. Katika eneo letu hili kifungo hicho kina dalali katikati, naye ni kabila. Mtu hukosa uraia kwa sababu kabila lake halimo kwenye orodha, na serikali zinapoamua kumponya humponya kwa kuliingiza kabila lake kwenye orodha. Dalali hufukuzwa na nani, ikiwa hata tiba inapitia mlangoni kwake?

Sheria yenyewe ina meno kuliko wengi wanavyodhani, na ina tundu kubwa kuliko mawakili wanavyopenda kukiri. Mkataba wa The Hague wa 1930 uliiachia kila dola iamue kwa sheria zake nani ni raia wake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watu wengi walipojikuta hawana nchi ya kuwapokea, kifungu cha 15 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 kikatamka kwamba kila mtu ana haki ya kuwa na uraia na kwamba asinyang'anywe kiholela. Uraia wa nchi gani? Azimio limenyamaza. Hapo ndipo tundu lilipo: haki imetajwa, mdaiwa hakutajwa. Kila dola inaweza kukubali kwa moyo mkunjufu kwamba mtu huyu ana haki ya uraia, ikaongeza kwamba akautafute kwingine.

Mkataba wa 1954 kuhusu hadhi ya watu wasio na uraia ulimweleza mtu huyo kuwa ni yule ambaye hakuna dola inayomhesabu kuwa raia wake kwa jinsi sheria zake zinavyofanya kazi. Mkataba wa 1961 ukasonga mbele kidogo: mtoto ambaye vinginevyo angekosa uraia apewe uraia wa nchi alikozaliwa. Kenya haikuweka sahihi wakati huo. Iliahidi kujiunga na mikataba yote miwili katika kikao cha Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi kilichofanyika Geneva Oktoba 2019.

Lile neno la Mkataba wa 1954, la jinsi sheria zinavyofanya kazi, lina uzito wake. Mtu anaweza kuwa raia safi kabisa kwenye maandishi ya sheria na asiwe raia kwenye dirisha la ofisi. Serikali ya Kenya iliposhtakiwa kuhusu Wanubi ilijitetea kwa namna hiyo hiyo: hawa ni raia, sheria haiwakatai, ni hati tu zinazochelewa. Ukiisoma katiba ya uhuru, utetezi huo una ukweli wa nusu. Katiba ya 1963 ilimfanya raia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya, aliyekuwa chini ya himaya ya Uingereza tarehe 11 Desemba 1963, mradi mzazi wake mmoja naye awe alizaliwa Kenya. Wanubi waliokuwa Kibera tangu mwanzo wa karne walikuwa na vizazi viwili au vitatu vilivyozaliwa humo. Kwa maandishi walivuka. Kwenye dirisha walikwama, kwa sababu karani hakuhesabu vizazi. Aliuliza kabila, na jibu lake halikuwamo kwenye daftari.

Historia inaeleza kwa nini halikuwamo. Mababu wa Wanubi walikuwa askari waliotoka Sudan, wengi wao kutoka milima ya Nuba na maeneo ya kusini, waliokuwa katika jeshi la Misri chini ya Emin Pasha huko Equatoria. Vita vya Mahdi vilipowakata na Khartoum, wakabaki wenyewe pembezoni mwa Ziwa Albert, na mwaka 1891 Frederick Lugard akawachukua huko Kavalli kuwa jeshi la Kampuni ya Imperial British East Africa. Baadaye wakaingizwa King's African Rifles, iliyoundwa 1902, wakapigana Vita vya Kwanza vya Dunia dhidi ya Wajerumani. Pensheni hawakupewa. Walipewa nafasi ya kujenga na kulima kwenye hifadhi ya jeshi iliyokuwa kichaka pembeni mwa Nairobi, na kila familia ikashikishwa hati ya ruhusa ya shamba. Hifadhi hiyo ilipopimwa na kutangazwa ilikuwa na ekari 4,197. Mpaka leo kijiji cha Laini Saba kinabeba jina la uwanja wa shabaha wa askari.

Ukoloni ulitawala kwa kugawa watu katika makabila na kila kabila katika hifadhi yake. Tangu 1920 mwanamume Mwafrika alivaa kipande shingoni, ndani ya kikebe cha chuma, na kipande kilitaja kabila lake na eneo la chifu wake. Mkikuyu alikuwa na hifadhi, Mluhya alikuwa na hifadhi. Mnubi alikuwa na hati ya shamba inayoweza kufutwa. Tume ya Ardhi ya Carter ilipopita mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilimwona kuwa mpangaji wa hisani tu kwenye ardhi ya Mfalme.

Kawangware inasaidia kuona tofauti. Eneo lote la Dagoretti lilikuwa ndani ya hifadhi ya Wakikuyu, likaunganishwa na Nairobi wakati wa uhuru. Ndiyo maana hata leo ploti nyingi za Kawangware zina hati na mwenye nyumba ni mtu anayejulikana kwa jina na ukoo, hata kama wapangaji wake wametoka Vihiga, Siaya au Machakos. Kibera ilibaki ardhi ya serikali. Ikakatwa vipande baada ya uhuru, mitaa ya Ayany, Olympic, Fort Jesus, Karanja na Jamhuri ikajengwa juu yake, na wanaoijua siasa ya Nairobi wanajua vipande hivyo viligawiwaje. Juni 2017, miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya pamoja ya ekari 288. Tarehe hiyo nimeitaja kwa makusudi.

Ardhi na uraia havitengani hapa, maana swali la kamati ya kupiga msasa waombaji wa vitambulisho ni moja: nyumbani kwenu ni wapi? Kwa Mkenya wa kawaida, nyumbani ni bara, ni kaunti ya baba, ni kaburi la babu. Kijana wa Makina akijibu kwamba nyumbani ni Kibera, jibu linaonekana pungufu, ijapokuwa babu wa babu yake amezikwa Kibera. Kwa hiyo aliambiwa alete zaidi. Alete kitambulisho cha baba, cha mama, hati za babu na bibi, hati ya kiapo ya wakili, aje siku kamati inapokaa, na kamati haikai kila siku. Kijana wa 56 mwenye jina la Wafula hakuiona kamati hiyo. Mwenye jina la Ramadhani au Zainabu aliiona, na hata Mluhya Mwislamu wa Mumias amewahi kujikuta kwenye foleni hiyo kwa sababu ya jina tu. Wasomali wa Kenya waliipitia iliyo kali zaidi, kwa ukaguzi wa vitambulisho vyao wa 1989 uliowaacha Wagalje'el wa Tana River bila vitambulisho kwa miaka mingi, na maelfu ya vijana wa Garissa wakajikuta majina yao yamo kwenye sajili ya wakimbizi kwa sababu wazazi wao, wakati wa njaa, waliwaandikisha kambini ili wapate mgawo wa chakula.

Bila kitambulisho Nairobi huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako. Bila laini hakuna M-Pesa, na bila M-Pesa kibarua wa mjengo hulipwa kupitia simu ya mwenzake na kumwachia kitu kidogo. Hakuna namba ya mlipa kodi, hakuna leseni ya bodaboda, hakuna kura. Kwenye jengo la ofisi mlinzi hutaka uache kitambulisho mlangoni. Polisi wakifanya msako usiku, kitu cha kwanza wanachotaka ni hicho hicho. Mwanasheria wa Geneva akisema haki ya uraia ndiyo inayobeba haki nyingine, kijana wa Kibera anaweza kumworodheshea kwa mpangilio ni zipi na kila moja inamgharimu shilingi ngapi kwa mwezi.

Wanubi walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2003. Kesi ikakwama kwenye masharti ya utaratibu kabla ya kusikilizwa. Wakatoka nje ya nchi, na hapo ndipo hadithi ya Kibera ikawa mali ya bara zima. Malalamiko yalifikishwa mbele ya vyombo viwili. Kimoja ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa niaba ya jamii yote, lalamiko namba 317 la 2006. Kingine ni Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, ambako shirika la IHRDA la Banjul na Open Society Justice Initiative waliwasemea watoto wa Kinubi peke yao.

Hila ya kuwatenga watoto ilikuwa ya kisheria na ilikuwa na akili. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu hauna kifungu kinachotaja uraia waziwazi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2000, unacho, na tena unalijibu swali ambalo Azimio la 1948 lililiacha. Kifungu cha 6 kinaitaka dola ihakikishe kuwa mtoto aliyezaliwa kwenye ardhi yake anapata uraia wake ikiwa wakati wa kuzaliwa hakupewa uraia na dola nyingine yoyote. Hapa mdaiwa ametajwa: ni nchi ulikozaliwa.

Uamuzi wa Kamati ulitoka tarehe 22 Machi 2011, nao ulikuwa wa kwanza kabisa kutolewa na chombo hicho kuhusu lalamiko. Ulisema Kenya ilivunja haki ya watoto hao ya uraia na haki yao ya kutobaguliwa, na kwamba matokeo yake yalionekana hata kwenye elimu na afya zao. Kinachonivutia ni jinsi Kamati ilivyoujibu utetezi wa serikali. Serikali ilisema mtoto atasajiliwa akifika miaka 18. Kamati ikaona kwamba kumwacha mtoto aishi utoto wote bila kujua kama nchi itamkubali, tena akiwa anajua jinsi kaka zake walivyosumbuliwa, hakuwezi kuitwa kuwa na uraia. Cheti cha kuzaliwa, ambacho wazazi wengi wa Kibera na Kawangware hudhani kinamaliza mambo, hakithibitishi uraia Kenya. Kinathibitisha kwamba ulizaliwa. Tume nayo, katika uamuzi uliochapishwa 2015, ikasema upigaji msasa wa Wanubi ni wa kibaguzi, ikataka haki zao za ardhi Kibera zitambuliwe.

Wakati huo Katiba ya 2010 ilikuwa imekwisha kuanza kazi. Iliondoa ubaguzi dhidi ya mama, ambaye zamani hakuweza kumrithisha uraia mtoto aliyezaliwa nje ya nchi. Kifungu cha 12 kikampa kila raia haki ya pasipoti na hati za usajili. Na kifungu cha 14 kikasema mtoto anayeokotwa Kenya, anayeonekana kuwa chini ya miaka 8, wazazi wake wasijulikane, achukuliwe kuwa raia wa kuzaliwa. Hebu tulia kidogo hapo. Kichanga kilichoachwa usiku karibu na steji ya 56 kina dhana ya katiba upande wake kuanzia asubuhi. Mtoto wa Makina mwenye baba, mama, babu na makaburi ya vizazi vinne atatakiwa kuthibitisha. Kifungu hicho nakipenda sana, na sitaki mtu akiguse. Lakini kinaonyesha kwamba sheria ya Kenya inaweza kumpokea mtu bila kumuuliza kabila, ikitaka.

Swali la nani athibitishe lilipata jibu zito Arusha. Anudo Ochieng Anudo alizaliwa na kukulia Tanzania, mkoani Mara, akawa na cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya Tanzania. Mwaka 2012, akishughulikia ndoa yake, polisi walichukua pasipoti yake kwa shaka juu ya uraia wake. Mwaka 2014 akafukuzwa kuingia Kenya. Kenya nayo ikamwambia si wake, ikamrudisha, na kwa muda mrefu akaishi kwenye kipande cha ardhi kati ya vituo viwili vya mpaka huko Sirari. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba kwa kuwa Tanzania yenyewe ilimtambua mtu huyu kuwa raia wake muda wote huo, mzigo wa kuthibitisha kinyume ulikuwa wa dola. Kwa maoni yangu hilo ndilo jiwe muhimu zaidi lililowekwa na sheria ya Afrika katika suala hili, kuliko hata uamuzi wa watoto wa Kibera, kwa sababu kamati za msasa zinaishi kwa kuugeuza mzigo huo. Mwombaji anabebeshwa historia ya himaya mbili na vita viwili, akaambiwa arudi na karatasi.

Turudi kwenye dalali. Oktoba 2016 mamia ya Wamakonde waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi. Wazazi wao walikuja kutoka Msumbiji enzi za ukoloni kukata mkonge, na kwa kuwa hawakuzaliwa Kenya wala hawakuwa chini ya Uingereza, kanuni ya 1963 iliwapita. Rais akawapokea, akaagiza wasajiliwe, na mwaka 2017 wakapewa vyeti na vitambulisho. Magazeti yote yakaandika kichwa kimoja: Wamakonde ni kabila la 43 la Kenya. Tarehe 12 Desemba 2020, sikukuu ya Jamhuri, ikawa zamu ya Washona 1,670, maseremala na wasusi wa vikapu, waliokuja kutoka Zimbabwe karibu na 1960 kuhubiri injili na kuishi Kiambu, sehemu kama Githurai na Kinoo. Wengine wao wako umbali wa nauli ya matatu moja kutoka Kawangware. Julai 2023 zikafuata jamii za Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi ambao bahari waliyoivua ilikuwa moja na ya babu zao.

Nilifurahi kila mara, na sioni aibu kusema hivyo. Hata hivyo, kabila la 43 ni jambo la ajabu kwa nchi ambayo katiba yake haina orodha ya makabila. Hesabu ya 42 iliyokuwapo kabla yake ilitokana na vikundi vya makarani wa sensa. Wanubi wenyewe walihesabiwa kwa miongo mingi chini ya wengineo, mpaka sensa ya 2009 ilipowapa nafasi yao na kupata watu 15,463. Sheria ya Usajili wa Watu, inayoongoza utoaji wa vitambulisho, bado inamtaka karani aandike kabila au asili aliyoitaja mwombaji. Kwa hiyo Mmakonde aliruka uzio kwa kupewa namba, lakini uzio haukung'olewa. Aliyekuja peke yake, au ambaye jamii yake ni ndogo mno kutembea hadi Ikulu, hana kabila la kuingizwa.

Congo walikwenda mbali zaidi. Sheria ya 1972 iliwapa uraia kwa jumla watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa muda mrefu, sheria ya 1981 ikawavua kwa kurudi nyuma hadi 1885, na ile ya Novemba 2004 ikaufungamanisha uraia wa asili na makabila yaliyokuwamo nchini wakati wa uhuru. Banyamulenge wa Kivu Kusini wamezipitia zote tatu. Kila mara swali la kama fulani ni raia liligeuka kuwa swali la kama jamii yake nzima ni ya hapa, na swali la namna hiyo hupenda kujibiwa kwa bunduki.

Tanzania, kwa sifa yake, haina orodha ya makabila ya uraia, na iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mauaji ya 1972, mpango ulioanza 2008 na kukamilika kwa vyeti miaka kadhaa baadaye. Ndiyo nchi hiyo hiyo iliyomfukuza Anudo. Ghuba nako kumetokea biashara ya kipekee: baada ya sheria ya 2008 ya Komoro ya uraia wa kiuchumi, Umoja wa Falme za Kiarabu ulinunua pasipoti za Komoro kwa ajili ya bidun wake, yaani wakazi wake wasio na uraia, na miongoni mwao wamo wenye asili ya Zanzibar na pwani yetu. Mtu akapata uraia wa visiwa ambavyo hajawahi kukanyaga, asipate wa mji aliozaliwa. Kwa takwimu hatua imepigwa.

Serikali ya Kenya imejaribu kulimaliza jambo hili kwa mashine. Huduma Namba, mfumo wa kidijitali wa kusajili watu, ilipoanza 2019, Nubian Rights Forum ilikwenda mahakamani ikihofu kwamba asiye na karatasi leo atafungiwa nje ya mfumo kabisa kesho. Namba ya kesi, kwa sadfa tu, ilikuwa 56 ya 2019. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu waliruhusu mradi uendelee kwa sharti la kuwa na kanuni za kutosha, wakakataza ukusanyaji wa DNA na mahali mtu alipo. Hofu ya Wanubi ilikuwa sahihi na inaihusu Maisha Namba iliyofuata vilevile. Kompyuta haipigi msasa; inahifadhi matokeo ya msasa uliopigwa na watu, na kuyafanya yaonekane kama ukweli wa kuzaliwa nao.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi agizo la kuondoa msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mipakani. Ni hatua kubwa. Ni agizo lakini, na rais mwingine ana kalamu vilevile. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwafungulia dirisha la kujisajili watu wasio na uraia waliokuwa nchini tangu tarehe 12 Desemba 1963, pamoja na watoto wao, ikaweka muda wa miaka 5 unaoweza kuongezwa kwa 3. Hesabu hiyo iliisha 2019. Haki ya binadamu ikawa na tarehe ya mwisho, kama ofa ya dukani.

Umoja wa Afrika ulipitisha Februari 2024 itifaki mahususi juu ya haki ya uraia na kutokomeza ukosefu wake barani. Nchi zikiiridhia, mawakili watapata silaha nzuri, hasa ikisomwa pamoja na uamuzi wa Anudo. Lakini kwa anayeomba kitambulisho Kibera, ugumu wa mwisho ni mdogo na wa kiofisi. Huwa hakataliwi. Huambiwa arudi wiki ijayo, faili halijarudi, kamati haijakaa, mkubwa yuko kwenye mkutano. Kwa kuwa hakukataliwa, hana uamuzi wa kukatia rufaa, na kwa sababu hiyo kesi nyingi kama yake hazifiki mahakamani kabisa. Kifungu cha 47 cha katiba kinampa kila anayeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na sheria ya 2015 ya utendaji wa haki katika utawala inaeleza namna ya kuzidai. Fomu ikiondolewa nafasi ya kabila, na karani akilazimika kuandika ndiyo au hapana pamoja na sababu ndani ya siku zinazojulikana, jaji wa Nairobi atakuwa na karatasi ya kusoma, na yale yaliyoamuliwa Arusha kuhusu nani athibitishe yatapata mahali pa kutumika.